Kisima cha Mzee Sikio

Mume wangu alikuwa anasikia maji chini ya ardhi. Sisemi kwa kujigamba, ndiyo kazi aliyoajiriwa kuifanya. Idara ya maji ilikuwa na mafundi wa kuunga mabomba, ilikuwa na wachimbaji na wasoma mita, na ilikuwa na yeye, na fimbo yake ya chuma ndefu yenye kikombe kidogo cha mbao kwenye ncha ya juu. Bomba likivuja chini ya barabara na maji yasionekane juu, aliitwa yeye. Aliisimamisha fimbo juu ya bomba, akaweka kile kikombe kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, akafumba macho na kuzuia pumzi. Alisogea kidogo, akasikiliza tena, akasogea tena, mpaka akafika mahali akachora alama kwa chaki na kusema, "Hapa." Wachimbaji walichimba hapo, na maji yalikuwa hapo. Kazini wakampa jina la Sikio, na jina likamfuata mpaka nyumbani, kanisani na kwa wajukuu. Siku hizi ni Mzee Sikio.

Kuolewa na sikio si mchezo. Bomba husikika vizuri watu wakiwa wamelala, kwa hiyo yeye alifanya kazi mji ukiwa kimya na alilala mji ukiwa na kelele. Nyumba yetu ikawa ya kunong'ona. Watoto walijua kufunga mlango taratibu kabla hawajajua kuvaa viatu. Mimi ni fundi cherehani tangu usichana wangu, na cherehani yangu ni ya kukanyaga kwa miguu, ikianza kwenda inasikika mpaka kwa jirani. Nikaihamishia stoo, nyuma ya magunia na baiskeli mbovu, ili mlio wake usimfikie alipolala. Siku alizorudi amechoka sana niliiacha kabisa nikawa napinda nguo kwa mkono. Sikulalamika. Haya, nililalamika, lakini kwa kunong'ona.

Basi akastaafu. Walimwachia fimbo yake kwa sababu hakuna aliyeitaka, maana vijana wana mashine za kuvaa masikioni. Wiki za kwanza alilala kama mtoto mchanga. Baada ya hapo akaanza kunifuata. Mwanamume aliyestaafu ni kama kabati lililonunuliwa bila kupima chumba, kila ukipita unajigonga. Alinifundisha jinsi ya kufunga bomba la jikoni ninalolifunga tangu tuoane. Aliniuliza kwa nini chumvi inakaa rafu ya juu. Nilimvumilia, maana nilimwona mikono yake ilivyokuwa inatafuta kitu cha kushika.

Asubuhi moja nilikuwa naosha vyombo, akaingia jikoni na fimbo yake.

"Zima redio," akasema. "Kuna bomba linavuja humu ndani."

Nikazima. Alisikiliza ukutani, akasikiliza chini ya sinki, akainama na kuchora alama ya chaki katikati ya sakafu yangu. Katika maisha yangu nimeshuku mambo mengi, lakini ile chaki sijawahi kuishuku. Nilitoa masufuria mwenyewe. Akapasua sakafu, akafika kwenye bomba, na bomba lilikuwa kavu, udongo wake unapeperuka.

"Limesogea," akasema.

"Bomba limesogea?"

"Mvujo umesogea."

"Mzee, wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha kwamba mvujo hausogei."

Aliziba lile shimo kwa saruji, na mpaka leo meza yangu ya jikoni ina mguu mmoja unaochezacheza.

Jumapili iliyofuata mchungaji alitwambia tunyamaze, kila mtu aombe kimoyomoyo. Mimi huwa nafumba jicho moja tu, lingine naliachia nafasi nione nani mwingine hajafumba. Nikamwona mume wangu ameinamisha kichwa upande, amezuia pumzi, kama alivyokuwa akifanya kazini. Ibada ilipokwisha akamfuata mchungaji na kumwambia kuna maji chini ya sakafu mbele ya madhabahu, yanakula msingi, na yasiposhughulikiwa ukuta utapasuka. Nani angebisha? Aliyesema ni Mzee Sikio. Wazee wa kanisa wakakutana, wakakubali sakafu ivunjwe.

Jumamosi akaja Sururu, mchimbaji aliyefanya naye kazi miaka yote. Naye amestaafu, mgongo wake umepinda, lakini alikuja na sururu begani kama mtu aliyealikwa harusini. Mume wangu akachora alama pale pale watu wanapopigia magoti kupokea baraka. Sururu akavunja, akachimba. Wazee walisimama wameshika viuno. Ulitoka udongo mkavu.

"Ongeza," mume wangu akasema.

Sururu akaongeza mpaka shimo likamfika kiunoni. Bado kukavu. Akaegemea mpini, akamtazama rafiki yake kutoka mle shimoni.

"Sikio, ndugu yangu," akasema kwa upole. "Humu hata fuko angekufa kwa kiu."

Hakuna aliyecheka. Ingekuwa afadhali wangecheka. Mchungaji akasema tumshukuru Mungu kwamba msingi uko salama, wakafukia, wakapiga saruji juu yake. Ile saruji ilikauka vibaya, ikawa na mikwaruzo na vijiwe vilivyochomoza. Na kwa kuwa binadamu hawezi kuuzuia mdomo wake, haikupita wiki pale mahali pakawa na jina: Kisima cha Mzee Sikio.

Hata hapo hakuamini. Siku chache baadaye nilitoka nje na ndoo zangu mbili, nikarudi nazo kama nilivyotoka. Nikamkuta amesimama kwenye korido, fimbo iko juu ya bomba linalopita ukutani, kikombe kiko nyuma ya sikio.

"Linavuja," akaniambia. "Msiniambie nimezeeka. Nalisikia kabisa, linavuma."

"Mzee, maji yamekatika mtaa mzima tangu alfajiri."

Akaenda jikoni akafungua bomba. Likakohoa mara moja, likanyamaza. Kwa hilo mume wangu hakuhitaji mwalimu. Bomba linavuma kwa sababu maji yamo ndani na yanasukumwa yapite mahali padogo. Pasipo maji hapana presha, na pasipo presha hapana cha kusikia. Alirudi koridoni, akaegemeza fimbo ukutani, akasimama katikati bila kitu chochote sikioni.

"Bado linavuma," akasema.

Akashuka polepole mpaka chini, akakaa sakafuni. Niliweka ndoo, nikakaa pembeni yake, na haya magoti yangu, sijui hata nilifikaje chini.

"Ni mimi," akasema. "Kumbe ninayevuja ni mimi."

Binti yetu akampeleka kwa daktari wa masikio. Daktari alimpima vizuri, akamwambia masikio yakizeeka mengine huanza kuvuma yenyewe. Jambo hilo huwapata wengi, dawa ya kuliondoa hana, na mtu huzoea. Akamshauri asikae kwenye kimya sana, kelele kidogo ya nyumbani humsaidia mtu. Baba mtu akaitikia kila neno, akashukuru, akarudi nyumbani, akaitupa fimbo nyuma ya kabati la nguo, akalala akiwa ameuelekea ukuta.

Akaendelea kuuelekea. Chakula alikula kwa kuombwa, ndevu akaziacha. Jumapili aliniambia niende peke yangu, nimsalimie kila mtu.

"Nifuate nini kule?" akaniuliza. "Nikifumba macho niombe, nasikia bomba. Mungu akisema neno nitamsikiaje?"

"Mungu hanong'oni kama watoto wa nyumba hii."

Zamani hilo lingemchekesha. Alivuta shuka tu.

"Debe tupu haliachi kuvuma," akasema. "Methali hiyo nimewasemea watu tangu ujana wangu. Kumbe nilikuwa najisema mwenyewe."

Niliogopa. Nasema wazi, niliogopa sana. Nimewaona wanaume waliostaafu wakaagwa kwa sherehe na keki, kabla mwaka haujaisha tukarudi nyumba ile ile kukaa matanga. Hawakuwa na ugonjwa. Waliuelekea ukuta tu. Nilimpikia alichokipenda, nikamgombeza, nikambembeleza, nikamwita Sururu aje wapige soga, na Sururu akaja akakaa kitandani wakanyamaza wote wawili. Usiku nilimsikiliza anavyopumua. Mimi ndiye niliyekuwa nimegeuka sikio sasa.

Ndipo alipokuja mwenyekiti wetu wa kina mama, mwanamke wa maneno mengi na moyo mzuri. Alikunywa chai, akazunguka mbuyu weee, mwishowe akasema alilojia.

"Mama, simlaumu mzee wetu, Mungu anisamehe. Lakini pale kisimani pake panatuumiza magoti. Bibi zetu wakipiga goti pale wanatoka na machozi, na siyo ya toba. Hungetushonea mto wa kupigia magoti?"

Nikasema nitashona. Nilisema haraka kwa sababu sikutaka mzee asikie chumbani, na alipoondoka ndipo nilipokumbuka kwamba mimi sishoni tena. Magoti yangu yaligoma kukanyaga cherehani muda mrefu uliopita. Wateja niliwaambia ni macho, kwa kuwa macho yana heshima kuliko magoti. Nyumbani sikumwambia mtu.

Kesho yake nikaingia stoo hivyo hivyo. Vitambaa sikukosa, maana fundi hatupi kipande, na mimi nina magunia ya vipande vya nguo za watu ambao wengine wameshakuwa mababu. Nikafuta vumbi, nikatia uzi, nikaanza. Nikakanyaga kidogo, nikapumzika. Nikakanyaga, nikapumzika. Cherehani ilikuwa inapiga kelele kwa furaha kama mbwa aliyefunguliwa.

Mlango ukafunguka. Alikuwa amesimama pale na fulana yake, ndevu zimemjaa, nywele zimelala upande mmoja. Nikajua amekuja kusema nimemwamsha. Mguu wangu ukaacha wenyewe, kwa mazoea ya miaka.

"Samahani," nikasema.

"Endelea."

"Nilidhani umelala."

"Fundi, nimesema endelea kwanza."

Nikakanyaga. Akainamisha kichwa upande.

"Limenyamaza," akasema.

Nikaacha.

"Limerudi."

Nikakanyaga tena, akafumba macho. "Limenyamaza."

Tulifanya hivyo mara nyingi kuliko watu wazima wanavyopaswa, kama watoto waliogundua swichi ya taa. Kisha goti langu likasema limechoka, nikaacha kabisa.

"Mbona umeacha?"

"Magoti."

"Tangu lini una magoti?"

"Tangu ulipokuwa na shughuli za kuchimba makanisa."

Alinitazama kweli, kama mtu aliyerudi safari akakuta nyumba imepakwa rangi nyingine. Akaondoa baiskeli mbovu, akavuta kigoda, akakaa upande wa pili wa cherehani na kuingiza mguu wake chini.

"Niambie," akasema.

"Kisigino kwanza, halafu vidole. Kisigino, vidole. Taratibu."

Akakanyaga kwa nguvu kama anayezima moto. Gurudumu likarudi nyuma, uzi ukakatika. Nikatia uzi. Akakanyaga, ukakatika. Nikamwambia cherehani si sakafu ya kanisa, aihurumie. Nikamwambia mjukuu wetu wa mwisho ana mguu wenye akili kuliko wake. Na yeye, mume wangu ambaye sikuwa nimeyaona meno yake tangu shimo la kanisani, akacheka. Alicheka mpaka akashika meza. Nilijifanya natafuta tundu la sindano, maana macho yangu siku hiyo yalikuwa mabaya kweli. Tulipofika mchana tulikuwa na mshono mmoja, umepinda kama njia ya mbuzi, na sijawahi kushona mshono nilioupenda kuliko ule.

Siku ya pili niliamka nikakuta kitanda chake hakina mtu. Nikatoka kumtafuta. Nikamkuta sebuleni. Alikuwa ameitoa cherehani stoo peke yake na kuiweka chini ya dirisha penye mwanga, ameifuta, ameitia mafuta. Fimbo ilikuwa imetoka nyuma ya kabati. Aliisimamisha juu ya cherehani na kuweka sikio kwenye kikombe.

"Iko salama," akaniambia.

Sijui alisikia nini, na sikumuuliza. Nilikwenda kuchemsha chai nikiwa naimba.

Basi wawili tukawa fundi mmoja. Mimi mikono, yeye miguu. Mto wa kisimani ulipokwisha tukashona mwingine, na mwingine tena, maana habari zilitembea. Muuguzi mmoja akaomba mito ya mabenchi ya hospitali, pale wazee wanapokaa kusubiri mpaka mifupa inalia. Mzee alijaza vipande, akapima kwa kukalia mwenyewe, na kukataa iliyomchoma. Alijifunza kunisikiliza bila mimi kusema. Nikifika kwenye kona mguu wake ulipunguza wenyewe. Sebule yetu, ambayo watoto walilelewa ndani yake kwa kunong'ona, sasa ilikuwa na kelele kutoka asubuhi, na aliyeipenda zaidi ya wote ni yeye.

Siku moja nilimwona midomo inacheza huku mguu unakwenda.

"Unaimba?"

"Naongea na Mungu."

"Anakusikia na kelele hii?"

"Yeye si mimi," akasema. "Aliyekuwa anataka kimya ni mimi."

Nilitia moyoni neno hilo. Lakini kanisani hakwenda. Nyumbani kulikuwa na cherehani, kule kulikuwa na kimya, na kulikuwa na kile kiraka cha saruji chenye jina lake, na macho ya watu walioshuhudia. Nilielewa. Lakini pia nilijua kwamba mtu anayekwepa mahali pamoja, kesho atakwepa pawili, na ule ukuta wa chumbani ulikuwa bado upo. Mto wa kisima ulikaa juu ya kiti, mwekundu na wa bluu, umetimia. Kila Jumamosi alinikumbusha niubebe.

"Siubebi," nikamwambia mwishowe. "Kisima si changu."

Akakasirika, akatoka uani. Nilimwacha. Mume ukimfuata kila akikasirika utachakaza viatu.

Jumapili asubuhi nilisikia anakwangua ndevu. Alivaa koti, akauchukua ule mto akaubana kwapani, akaenda kusimama mlangoni, kama mimi ndiye niliyekuwa namchelewesha.

Tulipoingia, Sururu alisogea kwenye benchi kumpa nafasi, akampiga paja mara moja, basi. Wakati wa baraka ulipofika mume wangu akainuka. Alitembea mpaka mbele, kanisa zima linamtazama, mtu mmoja nyuma huko akakohoa kikohozi kisicho cha kifua. Akauweka mto juu ya saruji, akaunyoosha pembe zake kama anayetandika kitanda cha mgeni. Kisha akanigeukia na kuniita kwa macho. Nikaenda. Tukapiga magoti kisimani pake, bega kwa bega, na nakuambia, haikuuma.

"Tunyamaze," mchungaji akasema.

Kanisa likanyamaza. Unyayo haukusikika. Nilijua anachokisikia yeye katika kimya kile, na jicho langu lisilofumbwa halikumtoka. Alikuwa amekunja uso. Nilimwona anameza mate. Nikamwomba Mungu jambo moja tu, asimwache huyu mtu asimame akatoka, kwa sababu akitoka leo sitaweza kumrudisha tena.

Akainamisha kichwa mpaka mdomo ukafika sikioni mwangu.

"Linavuma," akanong'ona.

"Pole, mzee wangu."

"Usinipe pole. Nimesikiliza mabomba maisha yangu yote." Akavuta pumzi. "Bomba lisilo na maji halivumi."

Machozi yakanitoka, nikayaacha yashuke. Ilipobidi niseme kitu nikamwambia anyamaze, watu wanaomba.

Mchungaji akasema amina, watu wakaanza kuinuka. Mimi nilijaribu, na magoti yakagoma pale pale, mto au bila mto. Yeye alikuwa ameshasimama. Akaninyooshea mikono yote miwili, ile iliyokuwa inatafuta cha kushika, akacheka kidogo chini ya pua.

"Taratibu, fundi," akasema. "Kisigino kwanza, halafu vidole."